Mstari wa Shirika

Mtoto wa kike aliyeolewa akirudi kwao na begi mara ya kwanza, majirani husema amekuja kuwasalimia wazazi. Akirudi mara ya pili, husema labda anaumwa, mama yake atamtazama. Akirudi mara ya tatu hawasemi kitu. Wanatoka nje na mafagio, wanafagia mahali palipokwisha kufagiwa, macho yakiwa kwenye begi. Ndivyo ilivyokuwa asubuhi ile katika mtaa wa mafundi. Hata fundi cherehani wa jirani, ambaye mdomo wake haujui likizo, aliinamia kazi yake akashona mkono wa shati upande usio wake.

Mama Rangi alikuwa karakanani, amepiga magoti mbele ya bango, anajaza herufi nyekundu. Jina hilo alipewa na mtaa, kwa sababu katika nyumba ile mume ndiye aliyechora na mke ndiye aliyepaka. Alizisikia hatua za binti yake mlangoni, akazijua, wala hakugeuka. Si kwamba hakumpenda, kwani alikuwa na mtoto mwingine? Alikuwa amechoka tu, na uchovu ukishaota mizizi huwahi kufika mlangoni kabla ya mapenzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Sijala."

"Mkate umo koponi. Chai imepoa, ipashe."

Binti akaliweka begi chini, taratibu, kama anayeogopa kuliamsha. "Baba yuko wapi?"

"Yuko nyuma, anaota jua. Kamsalimie. Atakwambia 'hapo', usishangae. Siku hizi kila kitu ni hapo."

Tangu kiharusi kimpitie, mumewe, ambaye wote walimwita Fundi, alikuwa amebakiwa na neno hilo moja. Akitaka chai, hapo. Akitaka kugeuzwa upande, hapo. Akimwona fundi cherehani anakuja kuazima kiberiti asichorudisha, hapo, kwa sauti ya mtu anayetukana ukoo mzima. Mkono wa kulia, uliowalisha miaka yote, ulilala pajani haujui hata inzi akiukanyaga. Wa kushoto, ambao zamani kazi yake ilikuwa kushikilia rula, ndio uliojifunza penseli upya, kwa hasira na kwa karatasi nyingi zilizochanwa.

Binti aliporudi kutoka nyuma, macho yalikuwa mekundu kidogo. Alimega mkate bila kupasha chai.

"Mumeo amepiga simu," alisema Mama Rangi. "Wanakuja kesho, yeye na baba yake mkubwa."

"Na wewe umewaambiaje?"

"Nimewaambia karibuni. Ningewaambiaje?"

"Kwamba sirudi."

"Maneno kama hayo hayasemwi kwenye simu."

"Mara ya kwanza ulisema hayasemwi mbele za watu. Mara ya pili ukasema hayasemwi na mwanamke mwenye akili zake. Leo ni simu."

Brashi ya Mama Rangi ilikuwa imeteleza nje ya herufi, akatafuta kitambaa afute. Binti alilitazama bango. Lilikuwa la duka la vifaa vya ujenzi, na jina la duka lilikuwa jina la mumewe.

"Usiniangalie hivyo," mama alisema. "Bango hili ndilo linalotulisha mwezi huu. Baba yako hula na kunywa kama watu wengine."

*

Watu wengi hudhani picha ni rangi. Wateja wa Fundi walidhani hivyo, na kwa sababu walilipa, hakuna aliyewabishia. Lakini katika karakana ile picha ilianza na penseli. Familia ilikuja, ikaketi kwenye benchi, Fundi akawachora harakaharaka kwenye karatasi kubwa. Mchoro huo aliuita mifupa. Wateja wakishaondoka, mifupa ilihamishiwa kwenye turubai, na hapo ndipo Mama Rangi alipokuja na madebe yake akatia nyama.

Fundi alikuwa na kanuni moja ambayo hakuna shule iliyomfundisha. Watu wawili wakigusana na kugusana kwenyewe kukawa kwa kweli, hakuwachorea mistari miwili. Bega la huyu na mkono wa yule vilipata mstari mmoja wa kutumia wote wawili. Aliuita mstari wa shirika. Siku moja alimchora bibi kizee na mjukuu wake, na kutoka utosini kwa mtoto mpaka gotini kwa bibi penseli haikunyanyuka. Watu waliokaa karibu kwa sababu benchi ni fupi aliwachora kila mmoja na mstari wake, na katikati akaacha ufa wa karatasi nyeupe, mwembamba kama ukingo wa ukucha. Hakuwauliza kitu. Alitazama tu wanavyokaa.

Sasa, nani atoe pesa yake ili aning'inize ufa sebuleni? Hapo ndipo mume na mke walipokuwa wakikwaruzana.

"Wasogeze," Mama Rangi alikuwa akisema enzi hizo, Fundi angali na ulimi.

"Nimewaweka walipo."

"Mteja halipi aonyeshwe alipo. Alipo anapajua."

"Basi watie nyama wewe, si una brashi?"

Naye alikuwa akiwatia. Alichukua rangi ya kahawia, akaongeza kivuli hapa, akavuta kola ya koti pale, na watu waliokuwa hawasalimiani nyumbani wakatoka wameegemeana kama pacha. Walifurahi, wakalipa, wakaleta na majirani zao. Mama Rangi alikuwa na methali yake ya kazi, usipoziba ufa utajenga ukuta, na aliitamka kila alipochovya brashi. Mumewe aliguna, akaenda kunawa mikono, na jioni wakala pamoja kilichopatikana kwa nyufa zilizozibwa.

Picha ya harusi ya binti yao ilipita njia hiyo hiyo. Fundi aliwachora bibi na bwana harusi mara tatu. Mara zote tatu ufa ulikuwepo, na mara ya tatu ulikuwa mpana kuliko ya kwanza. Bwana harusi amekaa kifua mbele, mkono wake uko nyuma ya kiti cha mke, na mke amejikunja kidogo, si sana, kama mtu aliyeketi karibu na sufuria la moto. Mama Rangi aliona. Asione vipi, na kuona ndiyo kazi yake? Lakini kadi zilikuwa zimeshagawiwa, na kijana alikuwa na duka, na salamu zake zilikuwa za adabu. Akachovya brashi. Akaurefusha mkono wa koti la bwana harusi mpaka ukalifunika bega la mwanawe. Picha ile mpaka leo imetundikwa sebuleni kwa mkwe, na kila mgeni anayeingia huisifia.

*

Alasiri waliosha brashi pamoja, mama na binti, mafuta ya taa yakiwachoma mipasuko ya vidole. Nyuma yao Fundi alikuwa akimchora fundi cherehani akiwa na masikio ya punda, na kila alipomaliza sikio alicheka peke yake.

"Hebu niambie vizuri," Mama Rangi alisema. "Kesho wataniuliza, na mimi sitaki kusimama kama mlingoti. Amekupiga?"

"Hajanipiga."

"Ana mwanamke mwingine?"

"Simjui."

"Haleti chakula?"

"Analeta." Binti alikamua brashi, akaitazama rangi inavyotoka. "Kila asubuhi kabla hajaenda dukani anapiga mstari wa penseli kwenye chupa ya mafuta ya kupikia. Jioni akirudi, kabla hajavua viatu, anakwenda kuangalia mstari."

"Labda anabana matumizi. Maisha yamepanda."

"Redio anaigusa mgongo aone kama ina joto, ajue niliiwasha au sikuiwasha. Nikitaka kwenda mahali, naomba nauli. Kabla hajanipa, nageuza pochi yangu chini juu aone haina kitu. Juzi nilimfuata dukani kuomba nauli ya kuja kumwona baba. Akanigeuzia pochi pale pale juu ya kaunta, mbele ya vijana wake wa kazi. Kikadondoka kishikio cha zipu kilichokatika na pipi moja. Kijana mmoja akacheka. Akaniambia, 'Kumbe una pipi, na bado unaomba.'"

Mama Rangi aliendelea kuosha brashi iliyokwisha kutakata. Jambo moja lilimtia aibu, nalo ni kwamba aliposikia 'hajanipiga' moyo wake ulitua, akawa ameshaanza kupanga viti vya kesho.

"Mwanangu, ndoa ni kuvumiliana."

"Kuvumiliana ni watu wawili, mama. Mtu mmoja akifanya peke yake kuna jina lingine."

"Na hapa utakaa wapi? Chumba chako kimejaa mbao. Mimi nina baba yako wa kumwogesha. Nina mgongo huu."

"Sikuja kuogeshwa."

"Sijasema hivyo."

"Nitaosha brashi. Nitapaka. Ulinifundisha mwenyewe."

Mama Rangi alitaka kusema kwamba siku hizi kila mtu ana picha kwenye simu, kwamba kazi zenyewe ni mabango, na mabango yenyewe karibu yote ni ya mkwe au ya rafiki za mkwe. Lakini hayo binti alikuwa anayajua.

*

Walikuja wamependeza. Mkwe alivaa shati jeupe la mikono mirefu lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Baba Mkubwa wake alikuja na fimbo ambayo hakuihitaji, na sauti ambayo chumba kile hakikuihitaji pia. Zamani alikuwa karani wa mahakama, na tangu astaafu hakuna aliyemwambia kwamba kesi zimekwisha.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, baba," mkwe alisema, akainama vizuri.

"Hapo," alijibu Fundi.

"Mzee ana nguvu leo," Baba Mkubwa alisema. "Nimefurahi."

Viti vilikuwa vitano na kimoja kilikuwa kibovu, mguu wa nyuma ulikuwa ukichomoka usipokibana kwa kisigino. Mama Rangi alikikalia mwenyewe, maana mgeni kuanguka ni fedheha ya mwenye nyumba. Kikawa kiko kando ya kiti cha mkwe. Upande wa pili wa mkwe kikabaki kiti kimoja, binti akakikalia. Baba Mkubwa alikaa pembeni kidogo, mahali pa hakimu. Fundi aliwekwa mbele yao wote karibu na dirisha, ubao wake magotini, kwa sababu bila ubao alikuwa akipiga kelele.

"Nina mambo mawili tu," alianza Baba Mkubwa, na kila aliyemjua akajikalisha vizuri. La kwanza lilikuwa shukrani. La pili lilikuwa kwamba hakuna nyumba isiyofuka moshi. La tatu, ambalo halikuwa limetangazwa, lilikuwa kwamba vijana wa leo hawana subira. La nne lilihusu marehemu mkewe, aliyekaa naye miaka mingi na hakuwahi kumsikia akipandisha sauti. Alipofika la tano akageuka kwa binti. "Sasa wewe, mwanangu, ukiulizwa kosa la mumeo mbele ya watu wazima, utasema nini? Kwamba anapiga mstari kwenye chupa?"

Binti alifungua mdomo.

"Ngoja kwanza, sijamaliza," alisema Baba Mkubwa. "Mtu anayeangalia mafuta ya nyumba yake ni mtu anayeijali nyumba yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mama hapa anaijua methali hiyo."

"Naijua," alisema Mama Rangi.

Mkwe alitabasamu kwa unyenyekevu. Aliupitisha mkono wake nyuma ya kiti cha binti, akauacha pale, vidole vimegusa shingo kidogo. Kwenye mkono wake mwingine wa shati, upande wa Mama Rangi, kulikuwa na vumbi la ukutani. Mama Rangi hata hakufikiri. Aliinama akalipangusa kwa kiganja, mara moja, mara mbili, kama anavyompangusa mtoto anayekwenda shule.

Dirishani penseli ilikuwa ikikwaruza. Hakuna aliyeijali.

"Mimi sina ugomvi na mtu," mkwe alisema. "Namtaka mke wangu. Mama ni shahidi, tangu baba augue sijawahi kuwatupa. Hata bango lile, mama, nilikuwa nimeambiwa kuna vijana mjini wanachapisha kwa mashine, bei nusu. Nikasema hapana, kazi ni ya nyumbani."

"Tunashukuru, baba," alisema Mama Rangi, na sauti yake mwenyewe ilimchosha.

"Basi imebaki kauli ya mwenye mtoto," alisema Baba Mkubwa. Akaisogeza fimbo yake kumwelekea Fundi. "Mzee mwenzangu. Binti yako arudi kwake au asirudi?"

Fundi hakuinua kichwa. "Hapo," alisema, akaendelea kuchora.

"Amesema hapo hapo. Yaani leo."

"Hakusema hivyo," binti alisema.

"Wewe ngoja kwanza. Mama, hebu mwangalie mumeo anafanya nini. Wewe ndiye unayeielewa lugha yake. Tusije tukasema tumemsingizia mgonjwa."

Mama Rangi aliinuka, kiti kibovu kikayumba nyuma yake. Jibu alikuwa nalo tayari. Alikuwa amelilaza ulimini tangu jana: Mzee anasema warudiane, ila mkwe apunguze ukali kidogo. Lilikuwa jibu zuri, lisilomuudhi mtu, lenye kivuli cha kahawia kila upande. Akafika dirishani, akatazama ubao.

Walikuwa pale wote. Baba Mkubwa alikuwa mistari michache tu, mdomo mkubwa na fimbo. Binti alikuwa amechorwa kwa penseli isiyokanyaga kabisa. Mistari yake ilikatika katika, kiwiko kimoja hakikuwepo, kana kwamba mchoraji aliogopa karatasi yenyewe itamuumiza. Mkono wa mkwe nyuma ya kiti ulikuwa umekandamizwa mpaka penseli ikalima. Hayo yote Mama Rangi aliyategemea.

Asilolitegemea lilikuwa mstari mwingine. Ulianza begani kwake yeye, mama mtu. Ukateremka kwenye mkono wake, ukapita kiganja kilichokuwa kikipangusa vumbi, na kutoka kwenye kiganja ukaingia shatini kwa mkwe bila kukatika. Ukapanda bega lake, ukavuka, ukateremka mkono wa pili mpaka kwenye vidole vilivyoishika shingo ya binti. Mstari mmoja, kutoka bega la mama mpaka shingo ya mwana, penseli haikunyanyuka hata mara moja. Mstari wa shirika.

Alisimama akautafuta ufa. Miaka yote alikuwa ameutafuta ufa ili auzibe, na leo, kati yake na mwanamume yule, alitamani auone hata mwembamba kama ukingo wa ukucha. Haukuwepo. Alitaka kusema kwamba alikaa pale kwa sababu ya kiti kibovu, na kwamba vumbi ni vumbi tu, mtu yeyote angelipangusa. Fundi alimwinulia macho, jicho moja likiwa limelegea kwa ugonjwa, lingine zima, halikuwa na hasira wala huruma.

"Mzee anasemaje?" aliuliza Baba Mkubwa.

Mkwe alikuwa ameshasimama, amekuja kuchungulia juu ya bega lake. Alipendezwa. "Kumbe mkono umerudi kabisa. Safi sana, baba. Mama, ukiimaliza tutaitundika sebuleni, kando ya ile ya harusi. Shati langu ulitie bluu, nyeupe inachafuka." Kisha akaiwekea kidole ile mistari iliyokatika katika. "Na huyu umpake anacheka."

Binti hakuwa amenyanyuka kwenye kiti. Alikuwa akilitazama begi lake pale chini, na mkono mmoja ulikuwa umeshalishika kamba. Mtoto alikuwa ameshajijibia mwenyewe, kwa kuwa alijua mama yake atasema nini.

"Hii haitiwi rangi," alisema Mama Rangi.

"Sawa, hata ikibaki hivi, fremu tu," mkwe alisema. "Lakini mzee anasemaje?"

"Mzee hasemi. Mzee amechora alichokiona. Anayesema ni mimi." Alishika ukingo wa dirisha. "Mtoto habebi begi leo. Wala kesho."

Cherehani ya jirani ikanyamaza, kumbe muda wote mwenyewe alikuwa akisikiliza.

"Mama," mkwe alisema polepole, "labda umechoka."

"Nimechoka, baba. Nimechoka kweli. Nimeirefusha mikono ya koti lako miaka yote hii, nimechoka."

Mkwe hakuelewa, na hakuna aliyemweleza. Baba Mkubwa aligonga fimbo chini, akasema mambo mawili ambayo yalikuwa manne, na la mwisho lilikuwa kwamba wasije wakajuta. Mkwe hakupandisha sauti. Aliitengeneza mikono ya shati lake, akamwangalia mkewe kwa muda, akageuka kwa mama mkwe na adabu zake zote.

"Basi bango langu nitalichukua lilivyo."

"Halijakauka."

"Nitalichukua."

Akalibeba mwenyewe mpaka nje, kifuani, mtaa mzima ukitazama. Rangi nyekundu ikamshika shatini kuanzia kola mpaka mkanda. Fundi cherehani alimtakia safari njema kwa heshima kubwa, akaingia ndani haraka kwenda kucheka.

*

Walipokwisha kuondoka hakuna aliyeshangilia. Mahali pa bango palibaki patupu ukutani, na Mama Rangi alipatazama akihesabu moyoni nani wa kumwendea, mwenye duka la dawa, mwenye saluni, wale wa mashine wanaochapisha kwa bei nusu labda wanataka mtu wa kufagia. Binti alikuwa amelisukuma begi chini ya meza. Akakaa mlangoni na kipande cha mkate cha jana.

Mama Rangi alikwenda dirishani akamwinamia mumewe. Alisema kwa sauti ya chini, lakini alisema yote.

"Umenichora vizuri. Sina la kubisha. Lakini na wewe sikiliza. Ile ya harusi uliichora mara tatu. Mara tatu uliona. Wakati ule ulikuwa na ulimi, ulikuwa na ulimi mrefu kuliko mimi, na hukusema hata neno moja kwa mtoto. Ulikwenda kunawa mikono. Mimi nikaziba, wewe ukala. Kwenye karatasi yako mbona wewe humo?"

Fundi alimtazama. Jicho zima likajaa maji, lile bovu lilikuwa na maji siku zote. Akapapasa kando ya ubao akitafuta kifutio, akakipata, akaupeleka mkono kwenye karatasi, begani pale mstari ulipoanzia.

Mama Rangi alimshika mkono. "Usifute. Uache ulivyo."

"Hapo," alisema Fundi.

"Ndiyo. Hapo."

Akauchukua ule mchoro akauweka juu ya kabati, penye kuonekana. Akamwekea mumewe karatasi nyingine. Kisha akakibeba kiti kibovu mpaka mlangoni, akakiweka karibu na cha binti, akakikalia kwa kisigino kimebana. Alikuwa na maneno mengi, na kila alilolishika lilikuwa limechelewa. Akanyoosha mkono, akampangusa mwanawe makombo ya mkate begani.

Binti hakuukataa mkono ule. Ila ulipoondoka, alijisogeza pembeni kidogo, si sana.

"Chai nikupashie?" mama aliuliza.

"Nitapasha mwenyewe, mama. Wewe pumzika."

Nyuma yao penseli ilianza tena kukwaruza, polepole, ya mkono wa kushoto. Mama Rangi hakugeuka. Alikuwa ameishi na mwanamume yule muda mrefu, aliijua penseli yake hata kwa masikio. Aliusikia mstari mmoja ukishuka mpaka mwisho wake. Penseli ikanyanyuka. Ikakaa kidogo. Kisha ukaanza mstari mwingine, kando ya ule wa kwanza, nao ukashuka peke yake. Hakumwambia awasogeze.